Daraja Jipya na Mtani wa Mama

Daraja la zamani lilivunjwa kwanza, ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba katapila la kusafishia uwanja wa kiwanda lilikuwa bado upande huu wa mto. Nasema wakubwa kwa heshima tu. Sisi watu wa mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, tuliokuwa tumesimama pembeni tukitazama mbao za mwisho zikishushwa, tulikuwa tunaliona katapila lenyewe, la manjano, jipya, limeegeshwa kivulini. Lakini nani aseme? Miaka ile ukiona kosa kabla mwenye cheo hajaliona unaitwa mpinga maendeleo, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ugali wangu unatoka serikalini. Nikafunga mdomo. Aliyesema ni mama yangu, tena kwa sauti, kwamba sasa itabidi katapila lifundishwe kuogelea. Watu wakavunjika mbavu, na mimi nikajifanya sijui mwanamke yule ni mama wa nani.

Haraka yote ile ilikuwa ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi haji kutazama daraja zima, maana daraja zima analo hata kwao. Basi likavunjwa ili apate cha kuzindua. Akaja, akahutubia, akashika nyundo, akapigwa picha, akaondoka. Wiki hiyohiyo mvua zikafunguka. Mto wetu ule kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala katikati, lakini masika yakiingia unakuwa na kiburi cha mito mikubwa. Tukabaki tunatazamana na upande wa pili. Zile mbao za daraja la zamani, za mninga, ziliwekwa chini ya ulinzi mkali kabisa, na hadi leo nusu ya vitanda vya Ng'ambo ni vya mninga.

Upande wa pili ndiko kilikokuwa kiwanda cha kukamua mafuta ya karanga. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyeona upepo umebadilika, akafunga virago, akatuachia mabanda ya bati lililooza kwa kutu, vinu vilivyong'ang'ania, na boila moja kubwa ajabu. Marehemu baba yangu alikuwa mkoka moto wa boila hilo. Alilikokea tangu ujana wake hadi kifua kilipokataa, na alipokufa alikuwa bado ananuka karanga. Sasa tukaambiwa mkutanoni kwamba uwanja ule ni mali ya wananchi, na wananchi watajengewa pale nyumba bora, zenye sakafu ya saruji na madirisha ya kufunguka. Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga mpaka viganja vikawasha, maana nilikuwa naamini, na sioni kwa nini nione aibu kusema hivyo.

Kwenye mkutano uleule ikatamkwa kwamba watakaobomolewa nyumba kupisha daraja jipya ndio watakaopewa nyumba za kwanza. Nyumba zilizokuwa njiani zilikuwa chache, na ya mama ilikuwa ya mbele kabisa, imekaa palepale tuta la barabara lilipotakiwa kupita. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa. Lakini aliijenga mwenyewe. Baba alipofariki, ndugu zake walimwambia mama achukue nguo zake na mtoto wake, wakabaki na nyumba. Akaja pale penye kichwa cha daraja, akakata miti, akakanyaga udongo kwa miguu yake, na mlangoni akaweka ungo wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga za kuchemsha kwa ajili ya wapita njia. Usiku wa ule mkutano, sote wawili tukiwa tunakula, aliniambia, "Mwanangu, mimi sitaki mengi. Nataka nife ndani ya nyumba yangu, nisife kwenye nyumba ya mtu." Nikamwambia asiseme mambo ya kufa. Akaniambia nile ninyamaze.

Msimamizi wa ujenzi wa daraja alikuwa Mzaramo, mrefu, mwembamba, na kofia ya viua ambayo saruji ilikuwa imeigeuza rangi. Siku ya kwanza alipita mbele ya ungo wa mama, akauliza, "Mwenye ungo ni kabila gani?" Mtu akamjibu kwamba ni Mnyamwezi. Basi akajaza mfuko mzima wa suruali kwa karanga, bila kulipa, bila kuomba, akaanza kutafuna. Mimi nilisimama niite watu. Mama akanivuta sketi.

"Hee! Mwizi wa pwani!" akamwambia, uso umechanua. "Mmemaliza nazi zenu, sasa mmefuata karanga zetu?"

"Nyamaza wewe mpagazi," akajibu yule, mdomo umejaa. "Babu yako alibeba mzigo wa babu yangu toka hapa mpaka baharini, ndiyo maana vichwa vyenu vimekuwa bapa. Nani kakuruhusu kukaa chini? Simama, kuna mzigo hapa."

"Babu yako alikuwa mzigo wenyewe!"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Hawajaonana hata robo saa. Ndivyo utani ulivyo kati ya watu wetu na watu wa pwani, tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana, atakula chako, atakuvuruga hata msibani, na wewe ukikasirika ndiye mwenye kosa. Serikali ilikuwa inatukataza ukabila asubuhi na jioni, na ilifanya vizuri, lakini utani iliuacha. Nadhani ni kwa sababu ulikuwa unachekesha, na kwa sababu haukuwa na madhara. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Kusafisha uwanja wa kiwanda tulisafisha kwa mikono. Katapila likiwa limekaa upande huu na dereva wake analala ndani, sisi tulivushwa kwa mtumbwi kila Jumamosi, walimu, wanafunzi, akina mama, na ngoma mbele, kwenda kujitegemea. Ardhi ile ilikuwa imekunywa mafuta miaka na miaka, nyeusi, imechacha, jembe ukilipiga linateleza linakurudia mguuni. Tulibeba bati, tukabeba vyuma, tukachimba ule udongo mbovu tukautupa mtoni. Kiangazi kilipofika, mto ukakauka, na katapila likavuka mchangani taratibu, halihitaji daraja la mtu. Lilikuta kazi imekwisha, limebaki boila tu. Likasukuma boila siku nzima, boila halikujali. Kamati ikakaa, ikaamua kwamba boila lipakwe chokaa na libaki kuwa ukumbusho wa unyonyaji. Kuku wa jirani wakaanza kutagia humo.

Mtani wa mama, ambaye alikabidhiwa na ujenzi wa nyumba pia, alipoanza kupima misingi yake, alimwita mama avuke. Nami nikaenda, maana nilikuwa simwamini. Akasimama kwenye vigingi vya nyumba ya kwanza kabisa, ile iliyo karibu na daraja, akasema, "Hii ni ya Mnyamwezi wangu. Nimekuweka hapa ili uwe unaona wenzako wakipita na mizigo usije ukasahau kazi yenu."

"Na choo?" mama akauliza.

"Mnajua choo nyie?"

Mama akacheka. Lakini nilimwona anavyovitazama vile vigingi. Akapiga hatua ndani, akasimama mahali ambapo pangekuwa chumba, akageuka huku na huku. Mtani alipomwambia kwamba matofali ya saruji yasipomwagiwa maji yanapasuka, mama akachukua ndoo. Kila jioni alivuka kwenda kumwagilia matofali. Si ya nyumba yake tu, ya nyumba zote, kwa sababu alisema huwezi kumwagilia yako ukaacha ya jirani yako na bado ukatarajia kuazimwa chumvi. Kuta zilipofika kiunoni alikwishaamua mtungi utakaa wapi. Kabla paa halijapigwa alikuwa anafagia.

Siku ya kubomoa nyumba yetu, mtani alikuja mwenyewe na sururu. "Leo Mnyamwezi analala nje na fisi!" akatangaza mtaani, na watu wakatoka kutazama. Mama akamjibu, "Bomoa vizuri, mtumwa wangu, usije ukaacha panya wangu bila makao." Kila sururu ilipoingia ukutani kulikuwa na tusi na jibu lake, na watu wanashikilia mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauona ule ukuta ambao alama za vidole vya mama zilikuwa bado zimekauka ndani ya udongo.

Wakati wa kuhama, mtani akakiweka kitanda cha mama kichwani, na juu ya kitanda akaweka sufuria, akapita nacho Ng'ambo nzima hadi kwenye chumba changu cha kupanga. Mama alikuwa nyuma yake ameshika fimbo, anaswaga. "Tembea! Tembea! Pwani bado mbali!" Wazee wa mtaani, ambao baba zao walikuwa wamebeba pembe na vitambaa katika njia ileile, walisimama vibarazani wakapiga vigelegele. Nani aliwahi kuona Mzaramo amembebea Mnyamwezi mzigo? Hata mimi siku hiyo nikacheka. Nikasema moyoni kwamba mtu huyu kweli anampenda mama yangu, na bado nasema hivyo.

Daraja likakamilika, zege tupu, na kingo zake za bomba zimepakwa rangi. Nyumba nazo zikakamilika. Ndipo minong'ono ikaanza. Mara tukasikia ile ya kwanza karibu na daraja itakaliwa na bwana mmoja wa ofisi ya serikali ambaye kazi yake inataka awe karibu na barabara. Mara tukasikia zile nyingine za watumishi waliohamishiwa kwetu, ambao wasipopata nyumba watakata tamaa ya kulijenga taifa. Nilimuuliza mtani. Akaniambia, "Mwalimu, mimi najenga tu," akaangalia pembeni. Halafu akamgeukia mama akamtukana, lakini tusi lenyewe lilikuwa la mwaka jana.

Nikamwambia mama, "Twende ofisini tukaulize."

"Nikienda ofisini nitaambiwa nikae kwenye benchi," akasema. "Nitakaa mpaka wafunge. Kesho yake nitakaa tena."

"Sasa?"

"Mgeni wa kuja kufungua daraja ni mtu wa wapi?"

Nikamwambia nimesikia ni mtu wa pwani. Mama akatabasamu, akaanza kuchagua kanga.

Niliposhtuka maana yake, nilimsihi. Nilimwambia wakati umebadilika, watamchukulia vibaya, na mimi nitaitwa kueleza. Akanijibu kwa utulivu kabisa. Akipiga kelele kama mwananchi, alisema, atakamatwa. Akilala chini kama mtani, ni nani atakayemgusa? Misiba mingapi tumeona mtani amelala mbele ya jeneza, jeneza limesimama, shehe amesimama, na hakuna wa kumwinua mpaka apewe kitu? Hiyo ndiyo haki yake ambayo hakuna ofisi iliyompa, kwa hiyo hakuna ofisi itakayomnyang'anya. Nilikaa nikatafuta kasoro katika hoja hiyo, mimi mwenye cheti cha ualimu, sikuipata.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na mabango, wanafunzi wangu wamepangwa pande zote mbili, utepe umefungwa. Mgeni rasmi akashuka garini, mnene, mchangamfu, akapewa mkasi. Alipokata utepe tu na kuinua mguu wa kwanza, mama akatoka kwenye kundi la akina mama, akaenda katikati ya daraja, akajilaza kifudifudi, mikono ameinyoosha.

"Mtu wa pwani hapiti hapa!" akapiga ukelele. "Mnyamwezi nimelala! Nataka nyumba yangu! Mmebomoa yangu, nipeni ile mliyoniahidi, ile palee, ya kwanza! Hapiti mtu!"

Askari wawili wakaruka. Nikawaacha wanafunzi nikawa naenda mbele. Lakini mgeni rasmi aliinua mkono, akawazuia. Akatazama. Akauliza kitu, akaambiwa. Na uso wake wote ukafunguka kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyekuwa ameshiba hotuba ghafla akaletewa chakula cha nyumbani.

"Kumbe mtani wangu!" akasema. "Nani kamwachia huyu mpagazi? Amka, mzigo wangu uko garini!"

Umati ukalipuka. Akamwendea, akavua koti lake akampa msaidizi, akajilaza na yeye palepale kwenye zege, tumbo juu, akasema kwamba kama ni hivyo wote wawili watazikwa hapo. Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mabwana wa ofisini walikuwa wanajifuta macho kwa leso. Kisha akasimama, akamwinua mama kwa mikono yake miwili, akamfungia kiunoni kitenge alichokuwa ameletewa zawadi, na akasema kwenye kipaza sauti, "Wananchi, mmesikia mtani wangu. Nyumba atapata! Tena siyo moja, apewe mbili, moja ya kulala, moja ya kuwekea mizigo yake!" Makofi. Vigelegele. Bendi ikapiga. Wakavuka daraja wameshikana mikono, mama yangu na mgeni rasmi, na mama alikuwa anacheza.

Usiku ule mama hakukaa chini. "Umesikia?" ananiuliza. "Ametamka mbele ya watu wote. Umesikia kwa masikio yako." Nikasema nimesikia. Majirani waliokuja kumpongeza walimpongeza kwa namna ambayo sikuipenda. Walisema ameua, walisema amevunja watu mbavu, walisema tangu uhuru hapajawa na sherehe tamu kama ile. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza atahamia lini. Mama alikuwa anawajibu, "Karibuni sana kwangu, karibuni," na wao wanazidi kucheka.

Wiki ile ile bwana wa ofisini akahamia ile nyumba ya kwanza. Alileta redio, mkewe, na makochi. Mama aliposikia alisema huyo ni wa kushikilia tu, anaitunza mpaka taratibu zikamilike. Nilikwenda mwenyewe ofisini. Nilikaa kwenye benchi. Nilipoingia, karani alinisikiliza vizuri, akaniita mwalimu, halafu akaanza kutabasamu. "Mwalimu na wewe," akasema. "Ule si ulikuwa utani?" Nikamwambia mama yangu hakuwa anatania. "Lakini alilala darajani," akasema, na akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekuwa nimekuja toka mbali na sijui desturi za watu. Angepiga kelele kama mwananchi, nilifikiri njiani wakati wa kurudi, wangemkamata, na kumkamata mtu ni kukubali kwamba amesema kitu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilipita lile daraja jipya huku nikizipiga mateke kingo zake, mwalimu mzima.

Mama sikumwambia neno. Aliendelea kungoja. Akanunua ufagio mpya.

Mchana mmoja alikuwa ameketi uani anabangua karanga, mimi nasahihisha madaftari, mtani akaingia. Siku zote tulikuwa tunamsikia toka barabarani, anatukana ukoo mzima kabla hajafika mlangoni, na kabla hajakaa mkono wake umekwishaingia kwenye ungo. Siku hiyo hatukusikia kitu. Tulimwona tu amesimama, kofia ameishika mkononi, viatu amepiga rangi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mkono wa mama ukasimama ndani ya karanga. Tangu mtu yule afike Tabora hakuwahi kumwamkia, na mama hakuwahi kutaka aamkiwe naye.

"Umesemaje?"

"Shikamoo."

"We mwizi wa pwani, nani kakufundisha adabu leo?" Mama akacheka, akausukuma ungo hadi miguuni pake. "Chukua. Ziko za kutosha."

Mtani hakuinama. "Naondoka kesho kwa treni, mama. Kazi yangu imekwisha. Nimekuja kukuaga. Habari ya nyumba yako nimeisema kule ofisini nilivyoweza kuisema."

"Nitukane," mama akasema.

Akautazama ungo.

"Nitukane, mtani wangu. Hata kidogo."

Yule bwana akafungua mdomo, na nikaona kabisa kwamba alijaribu. Hakikutoka kitu. Akabaki ameinamisha kichwa, anaizungusha kofia mikononi, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Mama akamtazama. Kisha akauvuta ungo wake taratibu, akaiweka kanga vizuri mabegani, akakaa sawa kwenye kigoda.

"Marahaba, baba," akasema. "Karibu kiti."